Nyuki Mmoja kwenye Kola

Darasani tulikuwa na sanamu,
tukimwita Bwana Mpira.
Hana miguu, hana mke, hana deni la duka.
Tulimbonyeza kifua mara thelathini, tukampulizia mbili,
na mbavu zake zikajibu ka, ka, ka,
kama mfuniko wa soda.
Alikufa mara arobaini kwa wiki,
na kila mchana alifutwa kwa spiriti
akarudi kabatini mzima.

Kisha wakatupa kitabu cha kijani, cha visanduku.
Kupima presha, mara ishirini. Kuhesabu pumzi, mara ishirini.
Kufunga jeraha, kumi. Kubeba machela, kumi.
Kila kisanduku kinangoja saini.
Nendeni Kitete, wakasema, mkavijaze.

Jumanne, zamu ya asubuhi.
Sista Nyanzala alikagua kucha zetu kama mama mkwe,
akasimama kwangu.
"Wewe wa Urambo. Mikono mfukoni ya nini? Hapa hatuuzi karanga."
Sikumwambia kuwa ilikuwa inatetemeka.

Saa nne na robo gari likaingia kutoka njia ya Sikonge,
vumbi jekundu hadi kwenye king'ora.
Mrina asali. Mzinga wa magome, moshi uliozimika mapema.
Midomo imevimba, macho yamebaki mistari miwili,
pumzi inapiga mluzi mwembamba
kama birika lililosahauliwa jikoni.

Bwana Mpira hakunifundisha harufu.
Hakuna aliyeniambia kwamba mtu anayekaribia kufa
aweza kunukia asali na moshi, vizuri hivyo,
hadi tumbo lisilo na chai likanguruma mbele yake.

"Mlaze. Inua miguu. Oksijeni. Wewe, shika paja."
Sindano ilikuwa ya Sista,
paja lilikuwa langu.
Gumu kama gogo la mninga, likitetemeka chini ya kiganja,
au kiganja kilitetemeka juu yake;
hadi leo sijui mtetemo ule ulikuwa wa nani.

Nikafunga mkanda wa presha. Nikasikiliza. Kimya.
Nikasikiliza tena. Nikasikia moyo wangu mwenyewe.
"Usinitungie namba," Sista alisema bila kugeuka.
"Uongo wako ataubeba yeye."

Sijasikia, nikasema.
Neno moja, na lilinishinda uzito kuliko machela.

Akaja, akakisogeza kikombe cha stetoskopu upana wa kidole.
Hapo.
Mbali, kama kinu kinachotwangwa nyumba ya tatu.
Themanini kwa hamsini. "Andika."

Dakika hazikulingana.
Moja ilikuwa ndefu kama treni ya Mpanda.
Kisha mluzi ukashuka, ukawa mkoromo,
mkoromo ukawa pumzi, pumzi ya kawaida tu, ya mtu,
na hakuna aliyepiga makofi.

Nilikuwa nakwangua miiba shingoni mwake
kwa ukingo wa kitambulisho cha chuo,
picha yangu imeangalia chini,
nilipomkuta mmoja mzima, ndani ya kola, anatembea.
Nikainua kidole gumba.
Mstari mmoja wa jicho ukafunguka.
"Mwache," akasema yule mzee, kwa sauti ya mchanga.
"Mtoe nje. Kwao mbali."

Nikamfunika kwa kikombe cha kipimo cha mkojo,
nikapita naye katikati ya foleni ya kadi,
watu wakanipisha, wakidhani nina jambo.

Mchana Sista alifungua kitabu changu.
Presha, saini. Pumzi, saini.
Kalamu yake ikashuka ukurasa wote, ikitafuta,
ikafika chini, ikarudi mfukoni.
"Hamsini na nane bado," akasema. "Nenda kale."

Nilinawa kwanza, kama tulivyofundishwa:
viganja, migongo, katikati ya vidole, kucha.
Nikanawa tena.
Nikala chapati mbili nimesimama,
na zote mbili zilikuwa na moshi.