Jivu Liko Wapi

Mwalimu wa Fizikia kaenda Mwanga kuzika.
Mkuu wa shule akanikabidhi chaki na kipindi chake:
"Kidato cha Tatu B, hawa wa sanaa,
wafundishe vyanzo vya nishati na mazingira.
Kanuni usiwape. Wape picha."
Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Picha ninazo.

Nikaanza na ninachokijua, nikaanza na ngeli.
Maji hayana umoja, hakuna aliyewahi kuchota ji.
Umeme hauna wingi,
na hapa Pasua hata huo mmoja hautufikii wote.
Kuni zina umoja, ukuni,
ila hajazaliwa wa kuivisha makande kwa ukuni.
Na jua, wanangu, ni nomino, tena ni amri.

Wakacheka. Nikapata ujasiri, nikageukia ubao.

Kila chungu na moto wake, nikasema,
na kila moto una jivu.
Swali la leo dogo tu: jivu liko wapi?

Kusini huko, mbali, tambarare inakotetema kwa joto,
liko bwawa la Nyumba ya Mungu.
Maji ya mlima wetu hulala pale
kabla ya kuamshwa yakazungushe mitambo.
Moshi hamna. Lakini bwawa lolote
limeketi juu ya malisho ya mtu,
na samaki hasomi ratiba ya kufunguliwa milango.

Gesi ya mtungi haiachi masizi kwenye sufuria.
Huacha joto angani,
na joto halisuguliwi kwa mchanga.

Paneli juu ya bati la kina Kundaeli
haifuki, haikohoi, hainguruma usiku.
Kundaeli, betri ikifa mnaizika wapi?
"Nyuma ya choo, mwalimu. Kwenye magimbi."
Hakuna aliyecheka.

Bibi yake Aikande, Old Moshi, ana ng'ombe wawili
na shimo la samadi lenye bomba mpaka jikoni.
Ng'ombe anakula mgomba, mgomba unakula ng'ombe,
katikati yao chai inachemka.
Hilo nililipenda, nikalipigia mstari mara mbili,
ingawa Aikande alisema kubeba kinyesi asubuhi
si shairi.

Kisha nikafika kwenye mkaa, nikapandisha sauti.
Mti wa miaka arobaini!
Sehemu yake kubwa huungulia tanurini porini,
jikoni kwetu yanafika mabaki!
Nikaandika MBAYA, kwa herufi kubwa, chaki ikakatika.

Nakijwa akanyoosha mkono.
"Mama anauza mkaa Kiboriloni, kwa kopo.
Sweta hili ni mkaa. Daftari hili ni mkaa.
Niandike na mimi?"

Kengele, mwokozi wa walimu, ni ya umeme,
na umeme ulikatika tangu saa tatu.
Nikasimama nimeshika kipande cha chaki
kama mtu aliyeshikishwa mtoto asiye wake.
Nikasema, "Futa neno la mwisho.
Acha mstari mmoja wazi."

Jioni mtungi wangu ukaniishia ugali ukiwa uji.
Nikaenda Kiboriloni, nikanunua makopo mawili.
Mama Nakijwa akaongeza konzi moja juu:
"Ya mwalimu hiyo."
Ikanibidi niseme asante, na nilimaanisha.

Jiko likashika. Nikakohoa.
Wageni huuliza mji huu uliitwaje Moshi;
mimi usiku ule sikuwa na la kuuliza.
Nikavuta madaftari karibu na mwanga wa makaa,
nikasahihisha, vidole vikiacha alama nyeusi
kwenye insha za watoto wa watu.

La Nakijwa: mstari uko wazi, kaupiga rula.
La Kundaeli: majibu yote ni nusunusu,
ila chini kabisa, kwa penseli, herufi za sisimizi:
"Betri nimeifukua. Nimpe nani?"

Kalamu nyekundu ninayo mkononi.
Ugali umeungua upande.