Nati ya Mkazo

Ijumaa, saa kumi na moja. Mvua ya Chonchi
inagonga bati kama mdai asiyechoka.
Ercira Nahuelquín anachomoa plagi,
anailaza juu ya benchi, mahali pa kuiona.
Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza, haina mjadala:
kinachokata mbao hakijui mkono.

Anafungua milango ya msumeno wa utepe,
wa juu na wa chini, kama kabati la nguo.
Unga wa mbao ya mañío umejaa kila pembe,
rangi ya siagi, mlaini, unanata.
Anaufagia kwa brashi ya kupakia rangi,
si kwa pumzi. Ukiupuliza, unakurudia machoni.

Kisha nati ya mkazo. Anaizungusha mara sita
mpaka utepe unaacha kuimba ukiguswa, unanepa.
"Usiku hakuna anayekata," Rosamel alikuwa akisema,
"mbona ulale umekaza meno?"
Aliuambia msumeno. Alimwambia na yeye,
miaka ile benki ilipowakaba koo.

Halafu ikaja Aprili. Ambulensi,
hospitali ya Castro, bomba puani,
karakana ikatiwa kufuli.
Siku tisini na nne.
Nani angekumbuka nati?
Utepe ukauminya mpira wa gurudumu la juu
palepale, usiku na mchana,
hata mpira ukashika alama:
kishimo, kama cha kidole gumba
kwenye donge la unga uliokandwa.

Wiki ya pili baada ya mazishi
palikuwa na madirisha ya shule yanangojwa.
Akawasha. Ukanguruma, ukaamka,
na ndani ya mngurumo: du.
Du-du-du-du, mbio mbio,
kama mtu anayebisha hodi
naye anajua mmo ndani.

Fundi akamwambia, badilisha mpira.
Akanunua. Ukakaa rafuni miaka miwili
katika karatasi yake ya duka.
Mengine yote aliyatunza bila kukosa.
Meno yenye utomvu aliyaloweka, akayasugua;
beringi iliyochoka hakuionea huruma;
nafasi kati ya utepe na kizuizi
aliipima kwa risiti ya mkate;
na tepe zilizovia makali alizikunja pete tatu tatu,
akazitundika msumarini.
Kishimo akakiacha kibishe hodi.

Leo asubuhi Yanara, mwanafunzi wake,
alikata mguu wa kiti, akauinua kwenye taa.
"Bi Ercira, mbao ina mawimbi."
Kweli. Mistari myembamba, iliyofuatana,
mmoja kwa kila du.
Ercira alipitisha ukucha juu yake, akanyamaza kitambo.
Kilichokuwa masikioni mwake peke yake
kimeanza kuingia katika viti vya watu.

Basi wamevua gurudumu. Kisu
kimechana mpira wa zamani, nao umetoka
kwa shida, vipande vipande, na gundi ya miaka thelathini.
Mpya wameulaza kwenye ndoo ya maji moto
mpaka ukawa mtiifu.
"Vuta," amesema. "Si kwa hasira. Vuta kote sawa."
Wamerudisha utepe, wamezungusha kwa mkono,
umetambaa, umesogea ukingoni, umerekebishwa,
umekaa katikati.

Kabla ya kufunga, wameujaribu.
Mngurumo mmoja, mnyoofu, kama uzi.
"Umesikia?" Yanara anacheka.
"Sijasikia kitu," Ercira anasema,
na mkono wake umebaki kwenye swichi
muda mrefu kuliko kazi inavyodai.

Ndiyo maana sasa anafagia mwenyewe,
analegeza mwenyewe, anahesabu kwa sauti.
Nje, Yanara ameshafungua mwavuli.
"Nati?" Ercira anauliza, kana kwamba si yeye aliyeishika.
"Mara sita, Bi. Nimekuona."
Anarudi hata hivyo. Gizani, bila kuwasha taa,
anaugusa utepe kwa kidole.

Unanepa.