Koti Ulilolirudisha

Umelirudisha, Chaula, limekunjwa kama barua ya madai,
umelitupa juu ya cherehani: "Mama, linavuja."
Keti. Sogeza hilo robota.
Leo Mwanjelwa jua ni la kuangalia tu, halipashi hata bati,
na sina mteja mwingine hadi saa sita.

Wewe hushuka na maziwa kutoka Matamba alfajiri,
madumu manne nyuma ya pikipiki,
Juni jalidi imelala kwenye majani ya viazi
kama chumvi iliyomwagwa na mtu mwenye hasira,
na upepo wa Kitulo haubishi hodi.
Niambie basi: upepo ulipita?
Haukupita.
Manyunyu ya Isyonje, yale yanayoning'inia bila kuanguka?
Umenyamaza. Hayakupita.
Iliyopita ni mvua. Mvua ya Aprili, ya saa tatu mfululizo,
inayomtoa panya shimoni na hati yake ya nyumba.
Mwanangu, mimi sikukuuzia paa.

Lete kidole. Pitisha hapa juu.
Nyuzi zimebanana kama foleni ya mbolea ya ruzuku,
hakuna anayempisha mwenzake.
Upepo ukija unakuta migongo.
Sasa ligeuze. Ndani kuna manyoya mafupi,
shavu la ndama wa wiki moja;
humo hewa hukamatwa, ikatulia, ikapata joto lako.
Koti halina moto, Chaula.
Moto ni wewe.
Lenyewe linaufunika usiibwe.

Walioshona huliita gamba laini.
Gamba, kama la kobe,
ila hili unaweza kukunja kiwiko nalo:
livute, linakufuata,
liachie, linarudi bila kinyongo.

Kitendawili.
Tega.
Nyumba yangu, wa ndani hutoka, wa nje hubaki nje.
Umeshindwa? Nipe mji.
Unaposukuma pikipiki kwenye tope la mlimani,
mwili unachemka kama sufuria ya makande;
mvuke ule mwembamba hupenya kati ya nyuzi,
huenda zake ukungunı kwa wenzake.
Tone ni nene mno kufuata njia hiyo,
labda lisukumwe, labda liwe mengi,
labda mlinzi awe amechoka.

Marehemu Ambakisye alikuwa na koti la mpira, la njano,
la kampuni ya barabara.
Miaka kumi na moja halikuingiza tone.
Wala halikutoa.
Jioni namvua, shati limelowa kama limetoka Kiwira,
mgongo wa baridi, kikohozi kimeshapanga chumba.
"Mvua imekupata?"
"Haijanipata."
Na kweli haikumpata.
Alikuwa hivyo hata bila koti, yule mtu.
Tuache.

Tazama. Tone hili, kutoka kikombe changu cha chai:
limesimama, la duara, linatetemeka, limeteleza.
Hili la pili, begani, mkanda wa begi unapokwangua:
limejilaza. Limelowa. Limeingia.
Hapo ndipo palipokusaliti.
Umelifua kwa nini? Ile sabuni ya kunukia, ya kulainisha?
Ndiyo maana. Umempaka mlinzi usingizi machoni.

Lifue kwa sabuni kidogo, suuza mpaka maji yachoke kutoa povu,
lianike, kisha pasi ya vuguvugu juu ya kitenge,
polepole, kama unayembembeleza mtoto wa jirani.
Dawa iliyosinzia itaamka.
Ikigoma, iko ya kupulizia, nitakuagizia.
Na mvua ya kweli ikija, vaa nailoni juu yake
au jibanze kwenye kibanda cha viazi.
Maziwa yatasubiri. Mapafu hayasubiri.

Zipu nimeipaka nta ya mshumaa, hiyo ni bure.
Pesa sirudishi.
Kesho niletee lita moja,
na usiitie maji, nitajua.
Livae sasa. Wingu limeshakaa Loleza
na huko Isyonje wameanza kuwasha taa mchana.