Hatua ya Tisa

Ngazi za ploti yetu, Huruma,
zina kidato kimoja kilichozidi vingine
kwa kimo cha vidole vitatu.
Hesabu ilimpotea fundi, au saruji, au mshahara.
Sisi wapangaji, miguu inakijua hata stima ikipotea;
mgeni ndiye humwaga maziwa.

Miezi kumi na minne nimeunda gemu:
muuza mayai, toroli lake, kanjo nyuma yake.
Hatua ya kwanza kanjo ni mmoja, mnene, ana kikohozi.
Ya pili, mtaro. Ya tatu, mvua.
Taratibu, kama mtoto anayefunzwa kuogelea ndani ya karai.

Kerubo wa ghorofa ya chini, miaka kumi na mmoja,
ndiye mchezaji wangu wa kwanza. Malipo, chapati.
Hatua nane alizipita akinichokoza,
akaingia ya tisa
akanyamaza.

Kanjo watano. Mbwa. Lori linarudi kinyumenyume.
Na ukuta usiopandika ila ubonyeze mara mbili, uushike,
jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu.
Mara ishirini mayai yalipasuka.
Mimi nyuma yake, nikijivuna kidogo, nakiri.

Ndivyo dunia ilivyo, nikamwambia. Ngumu.
Hakugeuka.
"Ngumu naijua. Hii ulinificha."

Akaiweka padi juu ya kochi, polepole,
kama mtu anayerudisha kikombe cha kuazima,
akaenda kwao.
Chapati akaiacha.

Usiku nikafungua faili.
Hatua ya tisa niliiandika Januari:
kodi imepanda, kazi ya Westlands imekatika
kwa ujumbe wa simu, hata salamu hakuna.
Yote yalikuwa pale, kwenye nambari.
Kasi ya mbwa: tisa nukta tano.
Sikuwa nimebuni kitu.
Nilikuwa nimelipiza.

Nikamfuta mbwa. Nikamrudisha.
Nikamfuta tena.
Ndipo nikamsikia mamake Kerubo ngazini, gizani,
akimpandisha mgeni kwa jirani,
kwa sauti ile ya kila siku:
"Hapo shika ukuta."

Sasa hatua ya nne ina ukuta mfupi.
Hakuna anayekukimbiza.
Dirishani yupo mwanamke mwenye maneno matatu,
atayarudia hadi kidole chako kisikie.

Na kule kwa tisa, mbwa bado yupo.
Kesho Jumamosi.
Nimekanda unga.