Hesabu ya Tangi

Lilianza kwa jasho, kama mgonjwa:
tone moja chini ya tumbo,
kisha mstari wa kutu ukutani
hadi pale mama anapoweka sabuni.
Jumatatu maji yalitoka rangi ya mkandaa.
Jumanne yalitoka baridi.
Jumatano hayakutoka.

Majirani hapa Kibokoni walicheka:
Mombasa hii, Machi hii,
kuta zenyewe zatoka jasho,
nani aoga maji ya moto?
Nikawaambia: nyonga ya Bi Mwanakombo.
Nyonga haisomi kalenda.
Kabla ya alfajiri huketi ukingoni mwa kitanda
akiisubiri miguu yake
kama mtu asubiriye wageni.

Fundi Chivatsi alikuja na ngazi na bisibisi mbili,
akaligonga tangi kwa kifundo cha kidole,
akasikiliza.
"Hili halitibiki," akasema. "Andika."

Nikaandika nyuma ya bahasha ya bili:
tangi la lita hamsini, elfu ishirini na sita
dukani kwa Taibali, Mwembe Tayari,
ishirini na tatu na nusu ukimuulizia mamake kwanza;
valvu ya usalama, elfu moja mia nane;
waya mnene, maana ule wa zamani
ulikuwa wa taa;
swichi yake pekee, na waya wa kuzika ardhini;
bomba lisilolegea kwa joto;
bolti nne ndefu, kwa ukuta wa matumbawe
ambao ukiutoboa hovyo
hukumwagikia kama sukari guru.
Kazi ya fundi, elfu tano, chai juu yangu.
Nikajumlisha.
Nikajumlisha tena kutoka chini kwenda juu,
huenda namba zingeona haya.

"Maji ya moto hayachomi nyumba," nilimwambia,
nikitafuta pa kukata. "Valvu twaweza kuiacha?"
Akacheka hadi ngazi ikatikisika.
"Aliyesema hivyo alichemshia sufuriani.
Tangi lisilo pa kupumulia
haliichomi nyumba. Laihamisha."

Jumamosi tulilishusha, watu watatu,
zito kwa chokaa na chumvi ya kisima chetu.
Fundi akalegeza nati moja ubavuni,
akachomoa kitu chembamba, kilichotafunwa,
mfano wa waya wa kuanikia nguo.
"Huu ulikuwa ufito, mnene kama kidole gumba.
Huwekwa ndani uliwe.
Chumvi ikija huanza na huu, tangi likasalimika.
Ukiisha, zamu ni ya tangi.
Mlikuwa mwaubadili?"

Hatukujua kuna kitu humo ndani.
Miaka kumi na tisa tulifungua bomba tu,
tukasema, leo maji mazuri.

Baba alilinunua kwa kiinua mgongo cha bandari,
viatu vipya akasema vitangoja.
"Umenipashia maji kwa makaa miaka thelathini,"
alimwambia mama. "Sasa kaa."
Asubuhi ile ya kumuosha
ndilo lililotoa maji ya vuguvugu,
ndoo tatu, bila kukatika.

Mwenye mkokoteni wa chuma chakavu alilipima:
mia nane na hamsini.
Nikaiondoa kwenye hesabu.
Akanyoosha mkono auchukue na ufito
lakini mama alikuwa ameshaufunga pembeni mwa leso,
mahali pa noti na funguo,
na hakuna aliyemuuliza.

Jipya ni jeupe, lina taa nyekundu,
linanong'ona likipata moto.
Kando ya swichi nimeandika kwa penseli:
*ufito, mwakani, mwezi wa tatu.*
Deni kwa Taibali limebaki elfu sita,
nalo sikuliandika popote.

Bado nimeshika penseli
mama anaita kutoka bafuni, sauti imejaa mvuke:
"Wee! Punguza!
Wataka kunichemsha kama kaa?"