Mkebe wa Tatu

Famau wangu jioni, kaja mfukoni hana
Ile noti, hamsini, niliyompa mchana
Kaimaliza Langoni, kwa barafu za vijana
Rangi yao midomoni, ndiyo risiti naona.

Juzi kandambili zake, kampa Twalibu Shee
Samadi nyayoni mwake, ndoo nzima nimwoshee
Akasema baba yake, "Senti asiipokee!"
Nahofu vidole vyake, vikifumba vizoee.

Tukaketi mimi naye, mbele mikebe miwili
"Huu wako, utumiye, ule wape, ni halali
Ukisha, wakungojeye, hata Jumaa ya pili."
Kaniuliza, "Na yeye, Twalibu asiye mali?"

Wale wa kumwita bosi, barafu zikiyeyuka
Huondoka kwa upesi, na ubosi watoweka
Twalibu hana fulusi, hodi yake yasikika
Miguuni, kwa nafasi, kandambili zamvuka.

Nikameza yangu mate, mkebe nikafungua
Ule wangu, wa mkate, kumi nikaichukua
"Mkebe wa tatu lete, sisi wawili twajua."
Akacheka, meno yote, rangi haijapungua.