Leso

Ukumbi wa Mtaa wa Loita, Jumatano, kiingilio bure,
ndiyo maana tumefika saa nzima kabla.
Shangazi Saru kavaa buti za mvua, kapakata mkoba wa karanga,
kaketi safu ya pili, karibu na spika,
kama mtu aliyeitwa kukagua vyombo.

Filamu ni ya Kireno. Maisha ya mwimbaji
aliyezaliwa bandarini, akafa tajiri na mpweke,
na sasa kwao ana sanamu.
Chini ya picha yanakimbia maandishi meupe, ya Kiingereza.
Shangazi aliachia shule darasa la tano,
na miwani yake imekatika mkono mmoja.
Basi mkalimani ni mimi,
namnong'oneza, nimechelewa sentensi moja:
mama yake anamkataza;
huyo ni meneja, anamwambia atie saini.
"Hilo naliona," anasema. "Mwenye kalamu hajifichi."

Mara ananifinya paja.
"Amesema meza!"
Kweli, amesema meza.
Baadaye mvinyo. Kisha bendera.
Anaokota neno mojamoja kama anayechambua mchele,
ila leo punje ndizo chache, mawe ndiyo mengi.

Halafu mwimbaji anapanda jukwaani
na maandishi yanazimika.
Nyimbo hazikutafsiriwa.

"Anasemaje?"
"Sijui, Shangazi. Hawakuandika."
"Hawakuandika," anarudia,
na bila kunigeukia anaanza kunitafsiria yeye:

"Anasema tuliingia studio ya Barabara ya River usiku,
maana mchana msumeno wa seremala jirani haukunyamaza.
Anasema tulirekodi pande zote mbili bila kupumzika.
Anasema walinipa shilingi mia nne na soda,
na santuri ilipotoka, picha ilikuwa ya mpiga gitaa,
jina langu halikuwepo hata nyuma.
Anasema nilikuwa na mimba ya miezi mitano,
na pale sauti ilipopanda juu kabisa
mtoto alipiga teke."

Sikuuliza mtoto yupi.
Miaka thelathini na mmoja namjua
kwa mandazi yake ya asubuhi pale Jericho,
kwa ukali wake juu ya madeni,
kwa kuzima redio wimbo fulani ukianza.

Yule wa kwenye pazia sijui aliimba nini.
Huenda mapenzi. Huenda kodi ya nyumba.

Karibu na mwisho amezeeka, koo limemkauka mbele ya watu,
ananyoosha mkono pembeni mwa jukwaa
na kuomba kitu. Maandishi yamerudi, nami natafuta neno,
kitambaa, kitambaa cha...
"Leso!" Shangazi kasema, ukumbi mzima umesikia.
"Mpeni leso, jamani, mnangoja nini?"

Kuna aliyecheka. Kuna aliyesema shhh.
Yeye alikwisha kuifungua ya kwake kiunoni,
ya buluu, imepauka kwa jua la miaka,
hata jina lake halisomeki tena,
na kwa kitambo kidogo aliishika hivyo, mbele yake,
mkono umenyooka kuelekea kwenye mwanga.

Taa zilipowaka alikuwa ameikunja magotini, mara nne.
Akauliza kama Jumatano ijayo kuna nyingine,
na kama yule kijana wa mitambo
angependa karanga.